Kichwa cha Kennedy kilirudi nyuma: hiyo yatosha kusema risasi ilitoka mbele? Tujadili

Ndugu zangu wa Mombasa na kwengineko, naileta hii wazi kila mtu aseme lake. Tangu zile faili za kuuawa kwa Rais Kennedy wa Marekani zifunguliwe Machi 2025 ile klipu ya Dallas yazunguka upya kwenye simu, ukikaa barazani Mji wa Kale utaonyeshwa, ukiwa foleni ya feri Likoni utaonyeshwa, na hukumu ni ile ile, "si umeona kichwa kimerudi nyuma? basi aliyempiga alikuwa mbele, maneno yamekwisha." Mimi nasema hayajaisha, na tena hiyo ndo hoja dhaifu kuliko zote walizo nazo wanaoamini kulikuwa na njama. Sisemi njama haikuweko. Nasema kichwa kurudi nyuma hakuithibitishi.

Kwa wale wadogo: Rais Kennedy alipigwa risasi 22 Novemba 1963 mjini Dallas akiwa kwenye gari la wazi. Ndo Kennedy yule ambaye Tom Mboya alimwendea 1960 kutafuta pesa za kuwasafirisha wanafunzi wetu kwenda kusoma Marekani, kwa hiyo wazee wetu jina hili walilijua vizuri. Tume ya Warren, iliyoundwa na serikali ya Marekani kuchunguza, mwaka 1964 ikasema zilipigwa risasi tatu, zote kutoka nyuma, ghorofa ya sita ya ghala la vitabu, na mpigaji ni Lee Harvey Oswald peke yake. Mfanyabiashara mmoja, Abraham Zapruder, alikuwa amesimama kando akirekodi na kamera yake ndogo, kama fremu 18 kwa sekunde moja. Umma haukuiona filamu hiyo kwenye televisheni ya taifa mpaka Machi 1975, na walipoiona wakashtuka, maana fremu ya 313 kichwa chapasuka na hapo hapo mwili warushwa nyuma na kushoto.

Sasa tupige hesabu, msikimbie, ni ya shule ya upili tu.

Risasi ya ile bunduki ya Carcano, inayosemwa ndo ya Oswald, ina gramu 10 na kitu. Ikifika kwenye gari, mita kama 80 kutoka dirishani, kasi yake ni kama mita 550 kwa sekunde. Zidisha uzito kwa kasi upate momentamu, yaani ule msukumo ambao kitu chaubeba kikiwa mbioni: 0.0104 mara 550, ni kama 5.7. Hiyo 5.7 ndo yote, hakuna nyengine ya kukopa. Ukiigawa kwa mwili wa mtu mzima wa kilo 75 wapata chini ya sentimita 8 kwa sekunde. Kasi hiyo hata mtoto anayetambaa atakupita, si kasi ya kumtupa mtu kwenye kiti. Kwa hiyo ile namna mwili unavyorushwa kwenye filamu HAKUNA risasi ya bunduki kama hiyo inayoweza kuufanya peke yake, iwe imetoka mbele, iwe imetoka nyuma, iwe imetoka mbinguni. Watu wamezoea sinema ambapo mtu akipigwa risasi huruka mpaka ukutani.

Kichwa peke yake ni jambo jengine, maana ni kilo nne na nusu hivi na shingo yapinda. Hapa ndo aliingia Luis Alvarez, mwanafizikia wa Berkeley aliyepata Nobel 1968. Mwaka 1976 aliandika makala kwenye jarida la Marekani la walimu wa fizikia akisema hivi: mwaisahau ile damu na ubongo uliotoka. Kama risasi imeingia kwa nyuma na vitu vikafumka kwenda mbele, basi vile vinavyotoka mbele vyakisukuma kichwa nyuma, kama mpira wa zimamoto unavyomrudi aliyeushika maji yakifunguliwa ghafla.

Na si maneno tu. Nishati ya risasi ile ni kama jouli 1,570. Chukua sehemu moja tu ya kumi, 157, uipe robo kilo ya vitu vilivyotoka. Vitakwenda kwa kasi ya mita 35 kwa sekunde, na momentamu yake itakuwa karibu 9. Tisa ni kubwa kuliko 5.7. Yaani kilichotoka mbele kimebeba msukumo mwingi kuliko risasi ilioingia nao, na ile tofauti lazima ilipwe, hulipwa na kichwa kwa kurudi nyuma. Mimi mara ya kwanza kuifanya hesabu hii kwa mkono wangu nilikaa kitako, maana akili yakataa lakini namba zimekaa sawa.

Alvarez na wenzake wakaenda kulenga matikiti waliyoyazungushia utepe, na mengi yakarudi kule kule bunduki ilikokuwa.

Basi hapo wafuasi wa tume huwa washaanza kushangilia. Ngojeni kwanza.

Wakosoaji waliokuja kutazama rekodi za majaribio yale wakasema hakupiga matikiti peke yake. Alipiga na nazi. Na nazi, ambazo zina gamba gumu kama fuvu, zilikwenda mbele, kule risasi inakoelekea, si nyuma. Zile hakuzipa nafasi kwenye makala. Na bunduki yake haikuwa Carcano, ilikuwa ya kuwindia yenye kasi kubwa zaidi. Tena kuna askari wa pikipiki, Bobby Hargis, aliyekuwa nyuma upande wa kushoto wa gari, na yeye alirukiwa na damu na vipande, kwa hiyo si kila kitu kilikwenda mbele kama hesabu yangu ya juu inavyodhani. Sisi wa pwani nazi twazipasua kila siku, twajua tikiti si nazi, na fuvu si tikiti. Hili dhidi ya Alvarez nalikubali lote. Alichoonyesha ni kwamba kurudi nyuma YAWEZEKANA kwa risasi ya nyuma. Hakuonyesha kwamba ndivyo ilivyokuwa, na kuliacha jaribio lililokataa ni kosa kwa mwanasayansi wa cheo chake.

Wengine, kama Larry Sturdivan aliyetoa ushahidi 1978 mbele ya kamati ya bunge la Marekani iliyochunguza upya mauaji haya, wao walisema ile ya mwili kukakamaa ni mishipa ya fahamu, ubongo ukipasuka misuli yote hukaza kwa pamoja na ya mgongo ina nguvu zaidi. Ukirudi kwenye ile sentimita 8 yangu utaona kwa nini maelezo kama haya yahitajika, upende usipende.

Hayo ndo yangu ya kuanzia. Semeni.

---

Nimeyasoma majibu, nayajibu kwa pamoja maana mengi yafanana.

Kuna ndugu ameandika kwamba kabla ya kurudi nyuma kichwa kilisogea mbele kidogo kati ya fremu ya 312 na 313, kwa hiyo risasi ya nyuma imethibitika. Kaka, hilo nalo lina mgogoro wake. Aliyelipima kwa makini miaka ya 60, Josiah Thompson, alipata kama inchi mbili, na yeye alikuwa upande wa njama! Baadaye akalikana mwenyewe, akasema fremu ya 313 ina ukungu kwa sababu kamera ilitikisika, na ule ukungu ndo unaofanya ionekane kama kichwa kimesogea. Fremu moja ni kama sehemu ya 18 ya sekunde, kitu kidogo kama hicho kukijengea hukumu ya karne mimi nasita.

Dadangu aliyetaja ile sauti ya redio ya polisi, ahsante, nilikuwa nataka tufike huko. Ni kweli 1979 ile kamati ya bunge la Marekani ilitamka kwamba Kennedy "huenda" aliuawa kwa njama, na nguzo yao kubwa ilikuwa rekodi ya redio, maikrofoni ya pikipiki ya polisi inayosemekana ilikwama wazi. Wataalamu wawili wa sauti, Weiss na Aschkenasy, wakapima mwangwi wa majengo ya pale, wakasema kwa uhakika wa asilimia 95 kuna risasi ilitoka kwenye kile kilima cha nyasi kilichokuwa mbele ya gari. Asilimia 95! Nani angebisha?

Aliyebisha ni mpiga ngoma wa Ohio, Steve Barber, si profesa si nini. Alipata nakala ya sauti ile kwenye sahani ya plastiki iliyotolewa pamoja na jarida, akaisikiliza akairudia, akasikia kwa mbali sana maneno ya mkuu wa polisi wa kaunti akitoa amri kwenye chaneli nyengine. Amri ile ilitolewa kama dakika moja BAADA ya Kennedy kupigwa. Basi jopo la Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani chini ya Norman Ramsey likaichunguza, na 1982 likasema zile "risasi" zipo kwenye rekodi wakati gari lishaondoka zamani. Mwaka 2001 mtafiti Donald Thomas akairudisha hoja, 2005 wale wa jopo wakamjibu, na wengine mpaka leo wabishana, lakini mimi nimeegemea kwa Barber. Ile asilimia 95 ilipimwa vizuri juu ya kitu ambacho hakuna aliyekihakikisha ni cha saa ngapi.

Sasa wale wa upande wa pili msicheke, na nyinyi lenu lilianguka. Vincent Guinn wa chuo kikuu cha California alipiga vipande vya risasi kwa neutroni akapima antimoni, madini yaliyomo kwenye risasi, akaiambia kamati ile ile kwamba vipande vyote ni vya risasi mbili tu, na hivyo ile risasi moja iliyompita Kennedy ikamjeruhi na gavana Connally wa Texas, aliyekuwa gari moja naye, ni kweli. Miaka karibu 30 watu waliutumia ushahidi huo kama msumari wa mwisho. Kumbe antimoni kwenye risasi haiko kama alama ya kidole. Randich na Grant 2006, kisha Spiegelman na wenzake 2007, wakaonyesha kwamba namba zile zaweza kutoka kwenye risasi mbili, tatu, au zaidi. Hata FBI wenyewe 2005 waliacha kabisa kupimisha madini ya risasi mahakamani, na kwa kipimo cha aina hiyo watu walikuwa washafungwa jela.

Mwaona yanayoniuma? Sayansi iliwapa kila upande ushahidi wa uhakika, na wote ukapasuka.

Kwa nini? Kwa sababu kitu chenyewe cha kupima hawakukitunza. Maiti ilitolewa Dallas kwa nguvu ikapelekwa kupasuliwa kwengine, daktari mkuu akachoma karatasi alizoandikia, nguo za Connally zikasafishwa kabla hazijachunguzwa, gari likakarabatiwa likarudi kazini, na ubongo wa rais wenyewe ulitafutwa kwenye hifadhi ya taifa 1966 haukuonekana. Ubongo ule ungekuweko, njia ya risasi ingesomeka na tusingekuwa twabishana tikiti na nazi hapa.

---

Mzee wangu uliyeandika "haya ya Wamarekani yatuhusu nini, sisi tuna wetu", shikamoo, na ndo nilikokuwa naelekea.

Dkt. Robert Ouko, waziri wa mambo ya nje, Februari 1990. Alitoweka nyumbani kwake Koru, mwili ukaonekana Got Alila, umechomwa moto, mguu umevunjika, tundu la risasi kichwani. Na mwanzoni tuliambiwa nini? Kwamba huenda amejiua. Hapa hakuhitajiki Nobel. Mtu aliyejipiga risasi ya kichwa hawezi kujimwagia mafuta akawasha kiberiti, na akianza na moto hatashika bastola akalenga. John Troon, mpelelezi wa Scotland Yard ya Uingereza, alikuja, akaona ameuawa kisha akachomwa. Tume ya jaji Gicheru ikaundwa, Novemba 1991 ikavunjwa na rais kabla haijamaliza. Mpaka leo hakuna aliyefungwa.

Kwa hivyo kijana uliyesema tukipata wataalamu bora kesi zetu zitakwisha, sikubaliani na wewe kabisa. Ya Ouko wataalamu walisema na mambo yalikuwa wazi. Ya Kennedy wataalamu walijaa na mambo hayakuwa wazi. Kote kuwili waliokishika kitu cha kwanza, mwili, nguo, pahala pa tukio, walikuwa watu wa serikali ile ile yenye haja na jibu. Sisi tuna sheria ya huduma ya makorona, yaani wachunguzi wa vifo, tangu 2017, mtu huru mbali na polisi ndo achunguze kifo chenye shaka, na sheria hiyo ikakaa miaka kwenye makaratasi. Wabunge wetu wa pwani nimewasikia wakilizungumzia kila jambo, hili silisikii.

Basi anayeshikilia bado kwamba Kennedy alipigwa kutoka mbele, karibu, lakini asiniletee klipu. Aniletee momentamu yake ameipata wapi, na anieleze hizo kilo 75 zilirushwa na nini.