Daniel Maclise na picha zake za ukutani

Mwalimu wa Tabora: Ndugu zangu, wanafunzi wangu wanajiandaa kuchora ukuta wa darasa, nami ningependa kuwaeleza habari za mchoraji Daniel Maclise, aliyezaliwa Cork, Ayalandi, mwaka 1806. Je, picha zake za ukutani alizichora kwa njia gani?

Fundi wa Kigoma: Shikamoo, Mwalimu. Mwaka 1859 alikwenda Ujerumani kujifunza mbinu ambayo rangi iliyochanganywa na maji hupakwa juu ya lipu, kisha hunyunyiziwa myeyusho wa silikati (kemikali inayokauka na kuwa ngumu kama kioo) ili ishikamane na ukuta. Kwa mbinu hiyo alichora, katika jengo la Bunge la Uingereza, kukutana kwa majemadari Wellington wa Uingereza na Blücher wa Prussia pamoja na kifo cha Nelson, amiri wa jeshi la majini la Uingereza, kila picha ikiwa na urefu wa takribani mita 14. Kwa bahati mbaya, rangi zake zimefifia sana.

Mkazi wa Ujiji: Kwangu mimi kazi yake kuu ni picha ya ndoa ya Strongbow, bwana wa Kinormani, na Aoife, binti wa mfalme wa Ayalandi, ya mwaka 1854, iliyopo Dublin, ambamo arusi inafungwa katikati ya maiti wa vita.

Mwalimu wa Tabora: Marahaba, na ahsanteni. Nitaanza na hiyo ya arusi.