MRI imesema kwapa halina shida, kwa nini daktari bado anataka kutoa tezi?

MdogoWake: Habari zenu wapendwa. Dada yangu, miaka 47, amegundulika na saratani ya titi la kushoto, uvimbe wa sentimita 2.6. Amepigwa MRI (picha za ndani ya mwili kwa sumaku) kabla ya upasuaji na ripoti nimeisoma mstari kwa mstari: "tezi za kwapani zina umbo la kawaida". Tukamshukuru Mungu. Jana daktari akasema siku ya operesheni atatoa tezi moja au mbili zikapimwe. Dada halali, anahisi kuna jambo anafichwa. Kama MRI haikuona kitu, wanatafuta nini? Halafu kuna kidoa kingine cha milimita 7 kwenye titi hilohilo, na shangazi anasema basi titi lote litolewe yaishe. Mwenye uelewa naomba anisaidie.

ChumbaChaPicha: Poleni sana. Kazi yangu ni kupiga picha hizi, na sioni dalili ya kufichwa.

Soma tena hilo neno "umbo". Tezi za kwapani ni vijifundo vinavyochuja majimaji kutoka kwenye titi, na saratani ikisambaa mara nyingi hupitia huko. Msomaji wa picha huangalia kama ganda la tezi limenenepa kupita milimita 3 hivi, kama mafuta ya katikati yametoweka, kama tezi imekuwa duara badala ya kuwa kama haragwe. Ili tezi ibadilike hivyo, saratani lazima iwe imeshajaa kiasi. Mbegu zake za mwanzo zinaweza kuwa chini ya milimita 2, na hizo huonekana kwa darubini tu, tezi ikishakatwa maabara. Isitoshe, mgonjwa hulala kifudifudi matiti yakining'inia kwenye kifaa kilichoundwa kwa ajili ya titi. Sehemu ya juu ya kwapa mara nyingine huangukia pembezoni mwa picha.

Kwa hiyo daktari anatafuta tezi ya kwanza kupokea majimaji kutoka kwenye titi. Huchoma rangi ya bluu au dawa yenye mionzi kidogo, anaifuata inakokwenda, anatoa hiyo. Ikiwa safi, nyingine zinaachwa, na hilo linaupunguzia mkono hatari ya kuvimba. MRI ingeonyesha tezi mbaya, wangeichoma sindano mapema, na pengine tiba ingeanza na dawa badala ya kisu.

Kuhusu kidoa, mwambieni shangazi asubiri, tafadhali. Dawa ya kung'arisha picha hukimbilia popote penye mishipa mingi ya damu, na vivimbe visivyo saratani navyo hung'aa. Utafiti wa COMICE wa Uingereza, uliotoka 2010 na kuhusisha wanawake 1,623, ulikuta waliopigwa MRI na wasiopigwa walirudishwa tena kwenye upasuaji kwa kiwango kilekile, asilimia 19; yaani MRI haikupunguza upasuaji wa kurudia. Kidoa kitafutwe kwa altrasaundi, kikatwe kipande kidogo kikapimwe maabara, ndipo mjadili kutoa titi.

MamaWaWatatu: Mimi kwapa langu lilisomeka safi, maabara wakakuta doa la milimita 1 kwenye tezi. Hawakuniongezea kisu, nilipewa mionzi. Mpe dada moyo, kidonda cha kwapani kilikuwa kidogo.

Msomaji_K: Nasikia kompyuta sasa zinatabiri kutoka kwenye MRI kama saratani imefika kwapani. Si wangetumia hiyo?

ChumbaChaPicha: Zinafanyiwa utafiti: ukubwa wa uvimbe, maji yanayouzunguka, jinsi kingo zake zinavyong'aa. Lakini utabiri ni uwezekano tu, hauchukui nafasi ya kuipima tezi yenyewe. Kuna wanaoachiwa tezi zao, ndiyo. Utafiti wa SOUND wa 2023 ulionyesha wenye uvimbe usiozidi sentimita 2 na altrasaundi safi ya kwapa hawakupata madhara zaidi kwa kutopimwa tezi. Dada ana 2.6, hayumo kwenye kundi hilo. Na jueni pia MRI ya titi haizungumzii ini wala mifupa. Hayo yana vipimo vyake, daktari akiona vinahitajika.

MdogoWake: Asanteni mno. Nimemsomea dada yote kwa simu. Kesho tunaomba altrasaundi ya kidoa. Anauliza, hiyo rangi ya bluu itamdhuru?

ChumbaChaPicha: Aseme mapema kama ana mzio wowote, maana wachache sana huipata shida hiyo. Mkojo unaweza kuwa wa kijani siku moja au mbili, na ngozi ya titi ikabaki na bluu kwa wiki kadhaa. Asishtuke.