Praha mwezi wa Novemba: mgahawa mdogo wa mtaani, Lokál, au kantini ya Havelská Koruna?

Mjukuu wa Tanga

Wakuu, salaam. Tutakuwa Praha kuanzia tarehe 10 hadi 19 Novemba, mimi, mke wangu na mama mkwe, na tungependa kula chakula ambacho Wacheki wenyewe hupika majumbani mwao, si kile kinachoandaliwa kwa ajili ya watalii. Nimechuja hadi nikabaki na sehemu tatu: mgahawa mdogo wa mtaani huko Vinohrady, wenye meza chache na unaosifiwa na kila niliyemuuliza, Lokál ya mtaa wa Dlouhá, na kantini ya kujihudumia ya Havelská Koruna. Sote watatu hatuli nguruwe, na mama ndiye atakayehoji kila sahani. Naomba wenye uzoefu wanilinganishie ladha, bei na usumbufu wa kupata nafasi.

Mwenyeji wa Žižkov

Karibuni sana. Kwa maoni yangu, kabla ya kuuliza mgahawa upi, ulizeni saa ngapi, kwa kuwa mgahawa huohuo mdogo una sura mbili. Siku za kazi, kuanzia saa tano asubuhi hadi saa nane au nane na nusu mchana, hutolewa kinachoitwa denní menu, yaani supu pamoja na vyakula vitatu au vinne vilivyopikwa kwenye masufuria makubwa, kwa bei inayozunguka koruna 200, koruna ikiwa sarafu ya Wacheki. Jioni hali hubadilika: chakula huagizwa kwenye menyu ya kudumu, svíčková, yaani nyama ya ng'ombe kwenye mchuzi wa krimu, hupita koruna 250, na asiyeweka nafasi mapema huishia mlangoni. Wafanyakazi wa maofisini huanza kumiminika kabla ya saa sita, na ikifika saa saba na nusu kile chakula kilichowavuta watu wote huwa kimeshafutwa ubaoni. Mkiingia saa tano na nusu mtapata meza, mtapata chakula kingali kipya, na mhudumu atakuwa bado ana subira ya kumjibu mama.

Lokál ni ukumbi mrefu wa bia, wa kampuni ya Ambiente, ambako bia ya Plzeň hutoka kwenye matangi. Chakula chake ni kizuri, hilo silikatai, lakini jioni kelele ni nyingi, na kwa watu wasiokunywa nusu ya sababu ya kwenda pale haipo.

Mwanafunzi wa Brno

Mimi ningeanza na Havelská Koruna, tena bila aibu. Pale unakiona chakula kabla ya kukichukua, jambo ambalo mgahawa mdogo wenye menyu ya Kicheki iliyoandikwa kwa chaki hauwezi kukupa. Mlangoni unapewa karatasi, kila mpakuaji anaweka alama ya ulichochukua, na unalipa wakati wa kutoka. Karatasi hiyo itunzwe, kwani anayeipoteza hutozwa faini. Wala hakuna suala la kuweka nafasi: unasubiri kiti kikiachwa unakaa, hata kama meza ina wageni wengine.

Ladha si ya kushangaza, nakiri, ila ni chakula kilekile ambacho Mcheki alilishwa shuleni na bado anakitamani akiwa mtu mzima.

Mpishi wa Plzeň

Nimefanya kazi katika jiko la mgahawa wa aina hii, kwa hiyo nizungumzie yanayoendelea nyuma ya kaunta, maana hapo ndipo tofauti ilipo.

Svíčková na smetaně ndiyo kipimo. Nyama ya ng'ombe hulazwa na karoti, mzizi wa seleri, vitunguu na viungo, kisha hupikwa polepole kwa saa kadhaa. Mboga zilezile husagwa, huchujwa, na kuongezwa krimu hadi mchuzi uwe mzito, wenye utamu na uchachu kwa pamoja. Juu yake huwekwa kipande cha limau, jamu ya matunda mekundu machachu na krimu iliyopigwa. Jiko dogo linalopika chungu kimoja kwa siku lina nafasi ya kuuonja mchuzi huo na kuurekebisha. Jiko kubwa hupata ladha ileile kila siku, na kwa mgeni wa siku chache huenda hilo likawa ndilo jema.

Kisha tazameni knedlíky, vipande vya donge la unga lililochemshwa. Kazi yake ni kama ya ugali, kubeba mchuzi, ingawa huumuliwa kwa hamira, hutiwa vipande vya mkate mkavu ndani, na kuchemshwa au kupikwa kwa mvuke likiwa gogo zima. Mpishi wa kienyeji hulikata kwa uzi: huupitisha chini ya gogo, huzivusha ncha mbili juu, kisha huvuta, na kipande hutoka bila kubonyea. Likikatwa mapema na kuachwa wazi, kingo hukauka. Likipashwa moto ovyo huwa kama mpira. Ndiyo maana naungana na Mwenyeji kuhusu kuwahi. Guláš, yaani nyama iliyopikwa kwenye mchuzi mzito wa vitunguu, kwa upande mwingine, haiharibiwi na kuchelewa, kwa sababu mchuzi wake huzidi kukolea kadiri unavyokaa.

Sasa kuhusu nguruwe, ndugu yangu, hapa pana mtego. Svíčková ni nyama ya ng'ombe, lakini kwa desturi nyama hiyo huchomekwa vipande vya slanina, yaani nyama ya nguruwe yenye mafuta iliyokaushwa kwa moshi. Vitunguu vya guláš mara nyingi hukaangwa kwa sádlo, mafuta ya nguruwe. Smažený sýr ni jibini iliyogaragazwa kwenye unga wa mkate na kukaangwa, lakini huenda ikatumbukizwa katika mafuta yaleyale yaliyokaanga řízek ya nguruwe, kipande chembamba cha nyama kilichogaragazwa vivyo hivyo. Msitegemee nambari ndogo zilizo kando ya majina ya vyakula. Hizo ni za vizio, yaani vyakula vinavyowadhuru wenye mzio, chini ya sheria ya Umoja wa Ulaya, kutoka 1 hadi 14: 1 ni nafaka zenye gluteni, 3 ni mayai, 7 ni maziwa, 9 ni seleri. Nguruwe hana nambari.

Mjukuu wa Tanga

Mkuu Mpishi, ahsante sana, ingawa umemtia mama wasiwasi, na amesema atakula mkate na chai. Je, kuna chochote anachoweza kuagiza kwa utulivu? Na kati ya sehemu hizi tatu, ni wapi atakapojibiwa kwa ukweli?

Mama wa Karlín

Assalaam aleikum. Mwambie mama atulie, hatakufa njaa. Mimi ni Mwislamu na ninaishi hapa na wanangu, na kwa swali lako la mwisho jibu langu ni mgahawa mdogo, kwa sababu anayekuhudumia anaweza kugeuka na kumuuliza aliyepika. Kule kwenye kantini foleni inakusukuma, na mpakuaji huenda hajui kilichotiwa sufuriani.

Semeni "bez vepřového", yaani bila nguruwe, kisha ongezeni "bez sádla" na "bez slaniny", kwani kwa wengi hapa kukataa nyama ya nguruwe hakumaanishi kukataa mafuta yake. Vyakula ninavyoagiza mimi ni pstruh, samaki wa maji baridi anayepikwa kwa siagi. Čočka na kyselo, dengu zilizotiwa siki na kupambwa kwa yai na tango la siki, mradi waondoe soseji. Na kulajda, supu ya uyoga, viazi, krimu na shibiti yenye yai ndani yake, baada ya kuuliza imepikwa kwa mchuzi gani. Wanangu huenda kwa ajili ya ovocné knedlíky, zenye tunda ndani na siagi, sukari na jibini laini juu, ambazo hapa huliwa kama mlo kamili. Badala ya bia kuna Kofola, soda ya kienyeji tangu mwaka 1960, yenye ladha ya mitishamba kidogo.

Kuhusu kuchinja, ieleweke kwamba nyama ya ng'ombe na ya kuku katika migahawa hii si halali kwa maana ya kuchinjwa Kiislamu, isipokuwa wenyewe waseme hivyo. Hilo mama ataliamua kwa nafsi yake.

Mwenyeji wa Žižkov

Naafiki yote ya dada wa Karlín. Niongeze kwamba mnafika wakati wa sikukuu ya Mtakatifu Martin, tarehe 11 Novemba, ambapo migahawa mingi hupika bata bukini pamoja na kabeji nyekundu na knedlíky, na nafasi za siku hizo hujaa mapema. Kama mama anaridhia ndege huyo, pigeni simu sasa. Bakshishi ni karibu asilimia 10, na hutajwa wakati wa kulipa: unamwambia mhudumu jumla unayotaka akate.

Mwanafunzi wa Brno

Basi kwa ajili ya mama nasalimu amri juu ya kantini, ila wewe na mkeo msiache kupita pale kwa ajili ya supu.

Mjukuu wa Tanga

Tumekubaliana: Vinohrady, saa tano na nusu asubuhi, kwa ile menyu ya mchana, na mama ameshaandika yale maneno matatu kwenye karatasi. Ratiba yetu inaturuhusu tarehe 17 Novemba. Lokál tutaiacha kwa safari nyingine.

Mwanafunzi wa Brno

Tarehe 17 Novemba ni sikukuu ya taifa, ya kukumbuka wanafunzi wa mwaka 1939 na wa mwaka 1989. Siku hiyo denní menu haitolewi kwa kawaida, na migahawa midogo inayotegemea watu wa maofisini huenda isifungue kabisa. Kama tarehe 18 ni siku ya kazi katika kalenda yenu, isogezeni hapo. Kama siyo, chagueni siku ya kazi kabla ya tarehe 17.