Nimthibitishieje mwanafunzi kwamba 2,147,483,647 ni namba tasa?

Chaki Nyeupe:
Wakuu, za jioni. Nafundisha hesabu tuisheni, kidato cha pili, hapa Chang'ombe, Dodoma. Juzi dogo mmoja kaja na simu ya kaka yake: sarafu za gemu zimegoma kwenye 2,147,483,647. Akauliza hii namba ina nini. Nikajibu kwa mbwembwe, "Ni namba tasa." Darasa zima likataka uthibitisho, nikasema Jumanne. Leo Jumapili, nimegawanya kwa tasa zote mpaka 97 na daftari linaisha. Nisaidieni njia ya ubaoni.

Mgogo wa Mpunguzi:
Waambie ni miche ya zabibu. Panga mistari sawasawa unavyotaka, haikubali, labda mstari mmoja mrefu mpaka Uarabuni 😂

Dereva wa Noah:
Si ni 2 kipeo cha 31 kutoa 1? Kipeo kikiwa tasa na jibu ni tasa. Kwisha habari.

Mstaafu wa Ubao:
Hapana, mwanangu. 11 ni tasa, lakini 2 kipeo cha 11 kutoa 1 ni 2,047, nayo ni 23 × 89.

Chaki, hapo hapo ndipo pa kuanzia. Ukigawanya 23 kwa 22 inabaki 1. 89 nayo kwa 22, inabaki 1. Hiyo 22 ni 11 mara mbili. Kwa 31 ni vilevile: kigawo tasa chochote lazima kibakize 1 ukikigawanya kwa 62. Sharti la pili, ukikigawanya kwa 8 kibakize 1 au 7. Na huvuki kipeuo cha pili, yaani 46,340 na ushee. Zinazopita masharti yote mawili ni 373 tu, na nyingi kati ya hizo si tasa, unazifuta. Mwanahisabati Euler alipita njia hii akathibitisha mwaka 1772, bila kikokotoo.

Chaki Nyeupe:
Shikamoo mwalimu. Kumbe tasa zangu zote mpaka 97 nimezigawanya bure! Na kwa nini gemu ligomee hapo?

Mstaafu wa Ubao:
Marahaba. Gemu linaitunza namba kwa biti 32, yaani nafasi 32 za 0 au 1: moja inashika alama ya chanya au hasi, 31 zinabaki za kuhesabia. Zikijaa zote unapata namba hiyo. Utasa wake hauhusiki na gemu, usiwachanganye watoto.

Dereva wa Noah:
Nimekubali, mzee. Kwa hiyo hii ndiyo tasa kubwa kuliko zote?

Mstaafu wa Ubao:
Tasa haziishi, Euclid, mwanahisabati wa kale wa Kigiriki, alishalimaliza hilo. Kubwa inayojulikana iliyotangazwa Oktoba 2024 ni 2 kipeo cha 136,279,841 kutoa 1. Ina tarakimu 41,024,320.

Chaki Nyeupe:
Hiyo siigusi. Jumanne naanza na 2,047, halafu kwenye orodha yetu: 63 si tasa, 249 ni 3 × 83, tasa ya kwanza ni 311. Huyo dogo wa gemu ndiye ataigawanya namba yake kwa 311, kwa mkono.

Mgogo wa Mpunguzi:
Nimeigawanya nyuma ya risiti ya mbolea. Inabaki 35. Usimwambie.