Mjadala: Mwenye kipaji aache kazi ya mshahara, au ang'ang'anie vyote viwili?

Mleta mada (Dar es Salaam)

Wakuu, salaam. Kuna ushauri mmoja ambao siku hizi haukosekani kwenye semina yoyote ya vijana: "Acha kazi, fuata kipaji chako." Anayeutoa mara nyingi amelipwa kuja kuutoa. Kijana aliyeusikia anarudi kwenye chumba chake cha kupanga, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili mnishambulie vizuri. Mshahara ndio mfadhili wa uhakika kuliko wote ambao msanii wa nchi zetu anaweza kuwapata. Anayeacha kazi kabla sanaa haijaanza kumlisha anaiumiza sanaa yenyewe, achilia mbali tumbo lake.

Shaaban Robert kila mtu anamtaja, ila wachache wanakumbuka mkate wake ulitoka wapi. Alikuwa karani wa serikali ya kikoloni. Aliingia forodha mwaka 1926 akakaa huko hadi 1944, akihamishwa kituo hiki hadi kile, akapelekwa idara ya wanyamapori, akarudi Tanga kwenye ofisi ya wilaya, akamalizia idara ya upimaji. Zaidi ya miaka 30 ya majalada na mihuri. Tenzi na insha tunazokaririshwa shuleni zimetoka kwa mtu ambaye asubuhi alitakiwa awe ofisini kama sisi.

Au Edward Saidi Tingatinga. Alikata mkonge Tanga, akaja Dar akafanya kazi za nyumbani kwa Mzungu, baadaye akawa mhudumu Muhimbili. Alianza kuchora mnamo 1968, kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi za kupigia dari. Mwaka 1972 polisi wakampiga risasi kwa kumdhania mtu mwingine. Miaka minne hivi ya kuchora, tena akiwa na kibarua, na jina lake limekuwa jina la mtindo mzima.

Sasa nendeni mkaangalie vibanda vya picha mjini leo. Tembo chini ya Mlima Kilimanjaro. Wamasai watatu wembamba kama vijiti, mashuka mekundu, jua linazama nyuma yao. Kibanda kinachofuata, Wamasai walewale. Mchoraji ukimuuliza kwa nini hachori kingine, anakujibu kwamba kingine hakitoki, na mtalii hana muda. Mkono anao, nimewaona wakichora vitu vya ajabu pembeni kwa kujifurahisha. Kinachowakosesha ni uwezo wa kumwambia mteja "hapana", na uwezo huo hununuliwa na hela inayotoka kwingine.

Nawasilisha.

Mchangiaji (Morogoro)

Mleta mada, umechagua mifano inayokufaa. Mwandishi na mchoraji wanafanya kazi peke yao, wanaweza kujiibia muda. Mpiga gitaa je?

Muziki wa dansi tunaoulilia leo haukupigwa na watu waliotoka kuhesabu magunia. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Polisi walikuwa na bendi, jeshi lilikuwa na bendi, UDA wenye mabasi walikuwa na bendi, Shirika la Bima likawa na Bima Lee. Mlimani Park ilianza 1978, ikaja kuwa chini ya DDC, shirika la jiji. Kupiga muziki ndiyo ilikuwa kazi yenyewe: mazoezi mchana, dansi usiku, mshahara mwisho wa mwezi. Zile gitaa tatu zinazosemezana bila kukanyagana hazipatikani kwa mazoezi ya Jumamosi kwa Jumamosi.

Kwa hiyo swali lako mimi naligeuza. Usiniulize kama msanii aache kazi. Uliza kwa nini mashirika yaliacha kuajiri wasanii.

Mleta mada

Mkuu wa Morogoro, hoja nzito. Ila kumbuka vyombo vilikuwa vya mwajiri na jina la bendi lilikuwa la mwajiri. Mwanamuziki akihama aliondoka na sauti yake na vidole vyake, basi. Na wimbo wa kumsifu mwajiri ulikuwa hauepukiki. Huo nao ni mteja anayetaka Wamasai watatu.

Mchangiaji (Unguja)

Assalaam alaykum. Huyo wa Morogoro aje kwetu. Klabu ya taarab ya Ikhwani Safaa ipo tangu 1905. Nyingine, Culture Musical Club, ipo tangu 1958. Miaka mingi waliozibeba ni watu wenye shughuli zao: karani, fundi, mwalimu, mwenye duka. Mchana kila mtu na lake, usiku baada ya isha wanakusanyika klabuni, mmoja na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, mwingine na fidla. Nani kasema muziki wa watu wengi hauwezi kupigwa na watu walioajiriwa kwengine?

Na huko bara mnazo kwaya. Mhasibu anaimba besi, muuza mitumba anaimba sauti ya kwanza, mazoezi jioni mara mbili tatu kwa wiki, na wanatoa albamu zinazopigwa hadi Lubumbashi. Mwanakwaya gani aliacha kazi?

Mchangiaji (Morogoro)

Sheikh, hapo kwenye kwaya umenibana kidogo. Lakini kwaya ina kanisa nyuma yake: ukumbi wa bure, kinanda cha bure, na Mungu wa kuogopwa ukikosa mazoezi. Kijana wa Kihonda anayetaka kuanzisha bendi hana hata kimoja.

Mleta mada

Wa Unguja umenipa silaha bila kutaka. Ikhwani Safaa imevuka miaka 100 kwa sababu, kwa ninavyoona mimi, walioijenga hawakuitegemea kulipa kodi ya nyumba. Klabu inayolisha watu ikikosa hela mwezi mmoja, watu wanagombana na kugawanyika. Klabu ambayo watu wameshakula kwao inaweza kupita mwaka mzima bila mwaliko wa harusi na bado Jumatatu wakakutana.

Wa Morogoro naye kanionyesha kitu: ukumbi na chombo ni tatizo kubwa kuliko muda. Muda unapatikana. Mimi naamka saa kumi na moja alfajiri, naandika hadi saa kumi na mbili na nusu, ndipo naoga niende kazini.

Mchangiaji (Kilifi)

Hamjambo huko. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Kwetu Kenya tuna tamasha la kitaifa la drama la shule na vyuo, kila mwaka, na michezo mingi inaandikwa na kuongozwa na walimu. Ratiba ya kawaida ni vipindi hadi alasiri, halafu ukumbini na wanafunzi mpaka giza liingie, unafundisha mtoto namna ya kuanguka bila kuumia goti. Hakuna anayeniuliza nimeacha kazi au la, maana sanaa imeingia ndani ya kazi.

Lakini tusijidanganye. Mchezo huo wangu unaishi msimu mmoja. Ukishindwa mkoani umekufa, unabaki faili kwenye kompyuta. Riwaya yangu ipo sura ya nne tangu mwanangu azaliwe, na sasa anaenda shule. Kuna uchovu ambao haulali. Mleta mada anamtaja Shaaban Robert. Makarani wangapi wa forodha walikuwa na vipaji na hawakuandika chochote kwa sababu ya forodha yenyewe? Hao hatuwezi kuwataja kwa kuwa hatuwajui.

Mleta mada

Mwalimu, hilo la wasiojulikana sina jibu lake kamili. Nitasema tu kwamba walioacha kazi wakapotea nao hatuwajui.

Mchangiaji (Mbagala)

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka saa 45 kwa wiki. Saa tatu za foleni kwenda na kurudi haikuziweka. Mleta mada unakaa karibu na kazini, tukubaliane.

Halafu kuna jambo mmelipita. Someni mikataba yenu. Mimi niko kampuni ya matangazo, mkataba wangu una kipengele kwamba nilichobuni ni cha kampuni. Nilichora vikaragosi vyangu nyumbani, kwa kalamu yangu, bosi akaviona simuni akaanza kusema "vyetu". Tumemalizana kwa maneno, ila tangu hapo kila karatasi naandika tarehe na saa, na kompyuta ya ofisi siigusi kwa mambo yangu. Mfadhili mwenye kipengele kama hicho asomwe vizuri kabla ya kusifiwa.

Mchangiaji (Mwanza)

Nimesoma kuanzia juu hadi hapa. Kina kaka mmezungumza mishahara, vyombo, foleni, mikataba. Hakuna aliyetaja nani anapika.

Mimi ni muuguzi na ninaandika hadithi. Naandika nikiwa zamu ya usiku, kati ya saa nane na saa kumi wodi ikitulia, nyuma ya fomu zilizoharibika. Mgonjwa akiita, kalamu inabaki katikati ya neno. Nyumbani sithubutu kufungua daftari kukiwa na mwanga, kwa kuwa mtu akikaa anaandika anaonekana hana kazi. Mleta mada, hiyo saa kumi na moja alfajiri unayoisifia, chai ya hapo kwako anachemsha nani?

Mleta mada

Dada, anachemsha mke wangu, siwezi kukudanganya. Lakini hoja ya uzi ibaki palepale: ukiacha uuguzi uandike tu, jiko litakuachia?

Mchangiaji (Mwanza)

Halitaniachia. Litanidai maradufu, maana sasa nitakuwa "nashinda nyumbani". Wageni wataletwa kwangu, watoto wa wifi wataletwa kwangu, msiba ukitokea mimi ndiye wa kutumwa sokoni. Hivyo siachi kazi, na katika hilo tuko pamoja. Ila wewe unabaki kazini kwa ajili ya mshahara. Mimi wodi ndiyo mahali pekee ambapo kuanzia saa mbili usiku mpaka alfajiri hakuna anayeniuliza chumvi iko wapi. Ukiniongezea hela na ukaniondolea zamu ya usiku, hadithi zitakoma.

Swali langu kwa wanaume wa uzi huu: mkeo akikwambia kuanzia leo saa kumi na moja alfajiri ni yake, utasemaje? Jibuni mmoja mmoja, msiniwekee vicheko.