Mwiba wa nyuki umebaki kwenye jicho: tuuchomoe au tuuache?

Mzinga_Sikonge
Wakuu, mrina asali akichomwa kwenye jicho lenyewe, si kope, na mwiba unaonekana juu ya sehemu nyeusi, tufanye nini? Daktari wa macho yuko mbali, mwendo wa saa tatu. Wengine wanasema tuutoe kwa kibano, wengine tukamulie maziwa ya mama.

TabibuMacho
Mkuu, msiuguse. Mwiba wa nyuki una vijino vilivyoelekea nyuma kama ndoana. Mkiuvuta kienyeji unakatika, na ncha inabaki ndani ya konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho. Kwenye kope ni tofauti: hapo utoeni papo hapo, kwa ukucha au kibano, maana kifuko bado kinasukuma sumu.

Kwanza angalieni pumzi. Akivimba midomo, akikoroma kifuani au akizimia, hiyo ni mzio mkali: sindano ya adrenalini 0.5 mg kwa mtu mzima, ndani ya msuli wa paja, haraka, kabla ya kufikiria jicho.

Jicho lifunikwe na kitako cha kikombe cha karatasi kilichokatwa, kingo zikae kwenye mfupa wa nyusi na wa shavu, plasta juu. Pamba msiweke, inakandamiza mwiba. Asifikiche. Maziwa yana vijidudu na konea imeshatobolewa, kwa hiyo hapana kabisa. Paracetamol anaweza kunywa, kisha msafiri siku hiyo hiyo.

Mzinga_Sikonge
Asante daktari. Duka la dawa hapa lina matone ya deksamethasoni. Tumwanzishie njiani?

TabibuMacho
Hapana. Hiyo ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Ni sahihi baada ya kuonwa, kwani sumu huwasha jicho hadi konea inakuwa kama kioo chenye ukungu. Lakini kidonda kikiwa na fangasi, inakilisha.

Optalmiki_Mwz
Naongezea. Hospitali watatia ganzi ya matone, watatoa mwiba chini ya darubini ya macho. Ukiwa umezama sana, ni chumba cha upasuaji. Baadaye hupewa antibiotiki ya matone, prednisolone 1% (steroidi) ambayo mwanzoni hutiwa mara nyingi kwa siku kisha hupunguzwa taratibu, na atropini ya kutuliza mboni. Presha ya jicho ipimwe pia.

Ile ganzi asipewe aende nayo nyumbani hata akilia kwa maumivu: ikirudiwarudiwa inazuia kidonda kupona na konea inaweza kuyeyuka.

Msicheleweshe. Seli za safu ya ndani ya konea, zinazosukuma maji nje, zikifa hazioti tena. Na kliniki arudi hata maumivu yakiisha, kwa sababu mtoto wa jicho anaweza kujitokeza baadaye.