Mjadala: Waingereza walipaswa kuibana Brest au kukimbilia sukari? (1793–1801)

Chombo Kizee: Wakuu, Nelson, admirali wa Kiingereza, tunamsifu kila siku, mimi nauliza mkakati. Vita na Ufaransa ya mapinduzi vilipoanza, waziri Dundas alipeleka majeshi Karibi kuteka visiwa vya sukari. Brest, bandari kuu ya adui upande wa Atlantiki, ikachungwa kwa mbali: manowari chache za Kiingereza doria, kundi kubwa limetia nanga Spithead, kusini mwa Uingereza. Desemba 1796 Wafaransa wakachomoka na askari kama 15,000 mpaka ghuba ya Bantry, Ayalandi. Kilichowashinda kushuka ni dhoruba, si admirali wa Kiingereza Bridport. Huo nao mkakati?

Kasikazi: Sukari ndiyo iliyolipia vita, mkuu. Waziri mkuu Pitt angetoa wapi ruzuku za Austria, mshirika wake vitani? Na kuelea nje ya Brest wakati wa baridi ni kuozesha meli, admirali Howe hakuwa mjinga. 1 Juni 1794 si alizamisha manowari saba za Wafaransa? Mabaharia wake walikuwa watu huru wenye ujuzi, huku Wafaransa maofisa wao wengi wamekimbia mapinduzi.

Mwana wa Mlandege: Watu huru! Mtu anakamatwa bandarini, anaburutwa chomboni, hashuki mpaka vita viishe, wewe unamwita huru. Usitulishe matango pori.

Kasikazi: Hao ni baadhi. Wengine walijiandikisha wenyewe.

Mwana wa Mlandege: Waliojiandikisha ndio walipunjwa vizuri zaidi. Mpaka wanagoma Spithead 1797, mshahara ulikuwa haujapanda kwa zaidi ya miaka 100. Ratili ya chakula ilipimwa wakia 14 badala ya 16, mbili za mtunza stoo. Walikuwa watumwa wenye kofia.

Chombo Kizee: Jamani, Brest.

Bi Forodhani: Hapo kwenye "watumwa" simama, kaka. Baharia alikuwa na mshahara na fungu la ngawira, na waliogoma Spithead walipata nyongeza pamoja na msamaha wa mfalme. Watumwa wenyewe walikuwepo kwenye vita hivyohivyo: homa ya manjano ilipowafyeka askari wa Kizungu Karibi, serikali ya Uingereza ikaanza kununua Waafrika, kwa maelfu, kuwaingiza kwenye vikosi vyake vya huko. Wewe unamlilia mtu kwa wakia mbili?

Mwana wa Mlandege: Msamaha? Miezi haijapita, Nore, mdomoni mwa mto Thames, nako wakagoma, na kiongozi wao Richard Parker akanyongwa. Mbona huyo humtaji?

Bi Forodhani: Parker alinyongwa kwa uasi. Hakuuzwa.

Kasikazi: Asante dada.

Bi Forodhani: Usinishukuru, wewe ndiye uliyesema sukari ililipia vita. Waulize askari wa Kiingereza waliopelekwa Saint-Domingue, koloni la Ufaransa ambalo leo ni Haiti, kuurudisha utumwa, wakazikana huko miaka mitano, mwisho Toussaint Louverture, jenerali Mweusi aliyewahi kuwa mtumwa, akawaona wanafungasha 1798. Hiyo sukari ililipa nini?

Mzigo wa Nazi: Na Howe hakuzamisha saba. Aliteka sita, ya saba ndiyo ilizama. Halafu msafara wa nafaka kutoka Marekani, ambao ndio Wafaransa walitoka kuulinda, ukaingia Brest salama. London wakawasha taa za sherehe, Paris wakala mkate.

Kasikazi: Sita, saba, zote hazikurudi kwao. Ushindi ni ushindi.

Mzigo wa Nazi: Tena mmeng'ang'ania Atlantiki. Jenerali wa Kifaransa Bonaparte alipotua Misri 1798, Kampuni ya East India ya Waingereza haikungoja meli: Oktoba ileile ikapata mkataba na Sultan bin Ahmed wa Maskati, Wafaransa wafungiwe mlango. Wino ulifanya kazi ya manowari.

Mwana wa Mlandege: Tulijua tu Maskati itaingizwa. Kesho utatuambia Nelson alikuwa Mmanga.

Mzigo wa Nazi: Matusi hayafuti mkataba.

Chombo Kizee: 1800 admirali St Vincent alipopewa kundi la manowari la Mfereji (bahari kati ya Uingereza na Ufaransa) aliisogelea Brest mpaka karibu na miamba, majira yote, na maofisa wake walimchukia kwa hilo. Kwa hiyo iliwezekana. Kasikazi, miaka saba kabla ya hapo walingoja nini?

Kasikazi: Kwanza Bi Forodhani aseme hiyo ruzuku ya Austria ingetoka wapi.